Vifurushi vidogo vilivyoitoboa forodha

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii wengi wetu tulifundishwa shule ya msingi ili tujue kuweka akiba. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba methali hiyo hiyo inaweza kueleza jinsi hazina ya serikali inavyovuja, senti baada ya senti, kupitia tundu ambalo serikali yenyewe ndiyo iliyolitoboa.

Juma hili, msomaji, tuzungumze juu ya vifurushi. Siku hizi katika nyumba nyingi za jijini hapakosi mtu aliyeagiza kitu kutoka ng'ambo kwa simu. Binti anayesoma chuo kikuu ameagiza gauni, kaka yake ameagiza spika ndogo ya muziki, mama ameagiza vyombo vya kuokea keki, naye baba, ambaye huwasuta wote watatu kwa kupenda vya rahisi, anangojea kipuri cha gari. Bei ikiwa kwenye kioo cha simu huwa ndogo ajabu. Mzigo ukifika na mtu akaambiwa kuna ushuru, nyumba nzima hugeuka bunge. Kwa nini kitu kidogo namna hii kitozwe ushuru? Je, serikali haina kazi nyingine ya kufanya?

Swali hilo si la kipuzi hata kidogo. Limewashughulisha mawaziri wa fedha wa mataifa makubwa kwa miaka mingi. Walilijibu kwa namna moja, wakaona wamekosea, kisha wakalijibu upya. Katika safari yao hiyo mna funzo kwa kila anayenunua na kwa kila anayeuza.

Hesabu ya karani

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1938 Marekani iliongeza kifungu katika sheria yake ya forodha ya mwaka 1930. Kifungu hicho kiliwaruhusu maofisa kuvipitisha bila ushuru vitu vidogo ambavyo thamani yake haikuzidi dola 1. Wengine hudhani ilikuwa ni huruma kwa mnunuzi, lakini sababu iliyotajwa ni ya hesabu tu: serikali haikutaka kutumia gharama na kupata usumbufu usiolingana na fedha ambazo ingekusanya.

Hebu fikiria karani wa forodha amekaa mezani. Anafungua kifurushi, anakadiria bei, anatafuta kiwango cha ushuru katika kitabu, anaandika risiti, anamwita mwenyewe aje kulipa. Baada ya kazi yote hiyo, serikali inapata senti kumi. Mshahara wa karani kwa muda aliotumia umezidi ushuru alioukusanya. Nani asiyeona kwamba ni afadhali kukiacha kifurushi kipite?

Nchi za Ulaya nazo zilifikiri hivyo hivyo. Mwaka 1983 jumuiya yao ilikubaliana kwamba vitu vya thamani ndogo vinavyotoka nje vinaweza kusamehewa ushuru wa VAT.

Hesabu hiyo ilikuwa ya busara, lakini ilisimama juu ya nguzo mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni kwamba vifurushi vitakuwa vichache. Ya pili ni kwamba hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeuza bidhaa zake kwa kuzituma ng'ambo moja moja kwa posta. Nguzo hizo zilipoanguka, maandishi ya sheria yalibaki yale yale, ila kazi yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Diski zilizovuka bahari mara mbili

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza. Baharini kati ya Uingereza na Ufaransa mna visiwa vidogo viwili, Jersey na Guernsey. Viko chini ya ufalme wa Uingereza, lakini vina serikali zao na sheria zao za kodi, na havikuwa ndani ya eneo la VAT la Ulaya. Kwa sababu hiyo, kitu kilichotoka Jersey kwenda London kilihesabiwa kuwa kimetoka ng'ambo. Na Uingereza ilikuwa imeamua kwamba kitu cha kutoka ng'ambo kisichozidi thamani ya pauni 18 kisitozwe VAT. Wakulima wa visiwani walinufaika kwa kutuma maua kwa posta, na kelele hazikuwa nyingi.

Kisha ikaja intaneti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara waligundua kwamba diski za muziki na filamu, yaani CD na DVD, aghalabu huuzwa kwa bei iliyo chini ya pauni 18. Zilienea barabara katika mwanya huo, kana kwamba mwanya ulichongwa kwa ajili yao. Kampuni ya Play.com ilianzia Jersey mwaka 1998. Wengine wakafuata. Hata HMV, ambayo ilikuwa na maduka makubwa ya muziki katika miji ya Uingereza, ikawa inawatumia wateja wake wa intaneti diski kutoka Guernsey.

Ajabu ya mambo ni kwamba diski nyingi hazikutengenezwa visiwani. Zilipakiwa kwenye meli Uingereza, zikavushwa hadi kisiwani, zikatiwa bahasha na kuandikwa anwani, kisha zikarudishwa Uingereza kwa posta. Safari yote hiyo ya kwenda na kurudi ilikuwa ni kwa ajili ya kitu kimoja tu: kukwepa VAT, na bila kuvunja sheria yoyote.

Sasa mwangalie mwenye duka dogo katika mtaa wa mji wa Uingereza. Kuanzia Januari 2011 VAT ya huko ilikuwa asilimia 20. Diski ambayo bei yake kabla ya kodi ni pauni 10, yeye hakuwa na budi kuiuza pauni 12. Mshindani wake wa kisiwani aliuza diski iyo hiyo pauni 10 na kuifikisha mlangoni. Mwenye duka alikuwa na kodi ya jengo, taa na mishahara ya wafanyakazi. Mbele ya bahasha iliyopita forodhani bila kusimamishwa, bidii yake haikumsaidia kitu.

Itakuwa si haki kusema kwamba mwanya huo peke yake ndio ulioua maduka ya muziki, maana watu walikuwa wameanza pia kupata nyimbo moja kwa moja kwenye kompyuta. Lakini wenye maduka walikuwa na haki ya kulalamika. Richard Allen, mfanyabiashara wa rekodi za muziki, aliongoza kampeni ya miaka kadhaa hadi akafikisha malalamiko yake mbele ya Tume ya Ulaya. Serikali ya Uingereza nayo ilikadiria kwamba inapoteza kiasi cha pauni milioni 140 kwa mwaka. Hiyo ndiyo haba na haba, msomaji. Pauni mbili za diski moja, pauni moja na nusu ya nyingine, hatimaye ni mamilioni ambayo yangeweza kuendesha shule na hospitali.

Tarehe 1 Novemba 2011 kiwango kilishushwa kutoka pauni 18 hadi 15. Kisha tarehe 1 Aprili 2012 msamaha ukaondolewa kabisa kwa bidhaa za biashara zilizotoka visiwa hivyo. Jersey na Guernsey zilikwenda mahakamani mjini London kupinga, zikashindwa mnamo Machi mwaka huo. Mwaka 2013 Play.com iliacha kuuza bidhaa zake yenyewe, na zaidi ya watu 100 wakapoteza kazi huko Jersey. Hao nao walikuwa wazazi wenye watoto wa kulisha. Mwanya wa sheria ukiachwa muda mrefu, watu hujenga maisha yao juu yake, na siku ya kuuziba huumia hata wale ambao hawakuutoboa.

Maji hutafuta mkondo

Visiwa vilifungiwa mlango, lakini mlango wa nchi nyingine za mbali ulibaki wazi, na maji yakatafuta mkondo mwingine. Kila kiwanda cha China sasa kiliweza kuwa jirani wa kila nyumba ya Ulaya na Marekani.

Australia ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua hatua. Kwa miaka mingi iliacha bidhaa zisizozidi dola 1,000 za nchi hiyo ziingie bila kodi yake ya mauzo ya asilimia 10. Kuanzia 1 Julai 2018 ilifanya jambo la busara. Badala ya kumwongezea karani wa forodha kazi, iliwaambia wauzaji wakubwa wa intaneti waitoze kodi hiyo wakati mteja analipa, kisha waipeleke serikalini. Amazon mwanzoni ikawazuia wateja wa Australia kununua katika maduka yake ya ng'ambo. Kufikia Novemba mwaka huo huo ilikuwa imelegeza msimamo.

Uingereza iliondoa msamaha wote wa VAT kwa vifurushi vidogo tarehe 1 Januari 2021, na Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 1 Julai mwaka huo. Hata hivyo, Ulaya ilibaki na msamaha wa ushuru wa forodha kwa kitu kisichozidi euro 150. Mwaka 2024 viliingia huko vifurushi vya namna hiyo bilioni 4.6, yaani kama milioni 12 kila siku, na asilimia 91 vilitoka China. Tume ya Ulaya ililalamika pia juu ya vitu visivyo salama, kama vile vitu vya kuchezea watoto, vilivyokuwa vikipita katika mafuriko hayo bila kukaguliwa. Desemba 2025 mawaziri wa fedha walikubaliana kwamba kuanzia 1 Julai 2026 kila aina ya bidhaa iliyo katika kifurushi kidogo itozwe euro 3.

Na Marekani je? Ile dola 1 ya mwaka 1938 ilikuwa dola 5 mwaka 1978, ikawa 200 katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 ikapandishwa hadi 800. Kampuni kama Shein na Temu ziliusoma mwanya huo vizuri. Mwenye maduka nchini Marekani akileta kontena moja lenye magauni 10,000, kontena lote hulipiwa ushuru bandarini. Lakini magauni hayo 10,000 yakitiwa katika bahasha 10,000, kila bahasha ikiwa na jina la mteja wake, hakuna hata moja iliyolipiwa. Vifurushi vya msamaha vilivyokuwa kiasi cha milioni 140 kwa mwaka muongo mmoja kabla, vilizidi bilioni 1.3 katika mwaka wa fedha wa 2024.

Tarehe 2 Mei 2025 Marekani iliufunga mlango huo kwa bidhaa za China na Hong Kong, na tarehe 29 Agosti 2025 ikaufunga kwa nchi zote. Muda wa kujitayarisha ulikuwa mfupi mno, hata mashirika ya posta ya nchi nyingi yakasimamisha vifurushi vya kwenda Marekani kwa kuwa hayakujua nani atakusanya ushuru na kwa njia gani. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba mizigo ya posta iliyokwenda huko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mlango uliofungwa kwa ajili ya wakubwa ulimbana pia fundi wa Kiafrika anayemtumia mteja wake wa Chicago kiondo kimoja au mkufu wa shanga.

Mzigo huangukia nani?

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Wanaotetea msamaha husema kwamba kuuondoa ni kumkamua maskini, na hawasemi uongo. Wachumi wawili wa Marekani, Pablo Fajgelbaum na Amit Khandelwal, walichunguza vifurushi hivyo wakaona kwamba kiasi cha asilimia 48 vilipelekwa katika mitaa iliyo maskini zaidi, na asilimia 22 katika mitaa ya matajiri. Mtu mwenye fedha hununua dukani. Anayehesabu senti ndiye anayengojea bahasha kutoka China kwa majuma mawili.

Lakini je, mwenye duka na watu wake ni matajiri? Msichana anayeuza nguo dukani, fundi cherehani, kijana wa kupakia mizigo, hao wote hula kutokana na biashara inayolipa ushuru kikamilifu. Kodi inayolipwa na mmoja na kusamehewa mwingine, ilhali wote wawili wanauza gauni lile lile, si msaada kwa maskini tena. Ni kumchukua maskini mmoja ukamfadhili mwingine, huku faida kubwa ikibaki kwa mwenye kampuni.

Kwa hivyo mimi naona mwanya huu ni wa kuzibwa, ila namna ya kuuziba ina uzito sawa na kule kuuziba kwenyewe. Ukimtoza mtu mlangoni, kifurushi kimoja kimoja, unarudi kwenye tatizo la yule karani wa 1938. Huko Uingereza, kwa miaka mingi mtu aliyeletewa mzigo wenye VAT ya pauni 4 alilipa juu yake pauni 8 za huduma kwa shirika la posta. Ada ilikuwa maradufu ya kodi. Njia ya Australia ni bora kwa sababu mnunuzi huiona bei kamili kabla hajalipa. Akiona ni ghali, huacha. Hakuna kuvamiwa na bili wakati mzigo umekwisha kufika na fedha zimekwisha kwenda.

Na hapa kwetu?

Kenya hutumia viwango vya ushuru wa forodha ambavyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana. Tangu 1 Julai 2022 viwango vikuu ni vinne: sufuri kwa baadhi ya mali ghafi na mashine, asilimia 10, asilimia 25, na asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinataka zitengenezwe hapa hapa. Juu ya ushuru huo huja VAT ya asilimia 16.

Chukua kitu ambacho forodha imekithamini kuwa cha Sh2,000, na ambacho kimo katika kiwango cha asilimia 25. Ushuru wa forodha ni Sh500. VAT haihesabiwi kwa zile 2,000 peke yake, bali kwa 2,000 pamoja na ushuru, yaani 2,500, nayo inakuwa Sh400. Jumla ni Sh900, kabla ya ada ya kutangaza uagizaji, ada ya ujenzi wa reli, na malipo ya aliyeusafirisha mzigo. Kile kitu cha Sh2,000 kwenye simu sasa kimekaribia Sh3,000.

Kabla hujamlaumu mwenye duka wa Luthuli Avenue au Kamukunji kwamba bei yake ni ya kunyonya, kumbuka kwamba yeye alilipia mzigo wake hesabu iyo hiyo, kisha akaongeza kodi ya chumba, leseni ya kaunti na mshahara wa msaidizi wake. Kisha yeye anakuruhusu ushike bidhaa, uijaribu, na kesho uirudishe ikiwa imeharibika. Huduma hiyo huipati kutoka kwa mtu aliye umbali wa kilomita elfu kadhaa.

Wazazi, fundisheni watoto hesabu hii mezani. Ni somo zuri la asilimia kuliko lile la vitabuni, kwa maana linahusu fedha zao wenyewe. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, muulize muuzaji kama bei aliyoitaja ina ushuru ndani yake au haina. Kama haina, mtu akae na kalamu na karatasi, ajumlishe nauli na kodi, kisha aende mtaani kulinganisha. Mara nyingine kitu cha ng'ambo kitakuwa bado ni nafuu. Basi na akinunue kwa moyo mweupe.

Na ninyi vijana wa vyuo, hasa mnaoagiza bidhaa kwa wingi ili muuzie wenzenu, epukeni ushauri wa kumwomba muuzaji aandike bei ya uongo kwenye karatasi ya mzigo, au aandike kwamba ni zawadi. Huo hauitwi mwanya wa sheria, ni udanganyifu. Isitoshe, una mtego ndani yake: mzigo wa Sh10,000 ulioandikwa kuwa ni wa Sh1,000 ukipotea njiani, unapodai fidia utaonyeshwa karatasi yako mwenyewe inayosema Sh1,000.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Uingereza iliuacha ufa wa pauni 18 hadi ukawa wa mamilioni, Marekani ikaupanua wa dola 1 hadi 800, kisha ikauziba kwa haraka iliyosimamisha magari ya posta. Serikali zetu zina nafasi ya kujifunza kwa makosa ya wengine. Kodi iwe ndogo, ijulikane kabla ya kulipa, itozwe pale bidhaa inapouzwa, na imguse aliye China sawasawa na aliye Kamukunji.